Shamba Lenye Sufuria Saba

Mafuriko yalipokwisha, shamba la mama lilikuwa limepata mlango wa choo. Ulisimama wima katikati ya tope, umefungwa kwa komeo lake, kama vile kuna mtu ndani ambaye hajamaliza. Mama aliuzunguka, akaugonga, akapiga hodi. Mimi nililia, yeye akacheka. Siku zile tulikuwa tunapokezana hivyo. Mmoja akishindwa kucheka, mwenzake anacheka kwa niaba yake.

Mvua ile redioni ilikuwa na jina lake la kigeni. Sisi tuliiita mvua tu. Ilinyesha mpaka tukaacha kuizungumzia, na alasiri moja mlima ulio juu ya kijiji ukalegea ukashuka. Mungu alitusitiri, haukuchukua mtu. Ulichukua migomba, kuku, jiko la mama mmoja pamoja na mafiga yake, choo cha jirani yetu mwenye redio, na udongo mwekundu usio na idadi. Vyote vikaingia mtoni, mto ukafurika, ukaja kuvimwaga bondeni. Maji yalipoondoka, bonde zima lilikuwa uwanja mmoja wa tope. Hapakuwa na mfereji, wala tuta, wala alama ya kukuonyesha shamba lako linaishia wapi na la mwenzako linaanzia wapi.

Hilo la alama ndilo lililotuletea balaa, kwa hiyo acha nilieleze.

Zamani bonde lilikuwa mahali pa wanawake. Wanaume walikuwa na kahawa na migomba yao juu mlimani, huku chini kwenye majimaji wakawaachia wake zao walime magimbi na miwa. Hakuna aliyeligombea. Kisha biashara ikawa huria. Kahawa ikakosa bei ya maana, na malori yakaanza kupanda kutoka Mombo kufuata kabichi, karoti na nyanya za kupeleka Dar es Salaam. Ghafla kila mwanamume wa pale kwetu akakumbuka kwamba amelipenda bonde tangu utotoni.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa amempa mama kipande cha bonde kabla hata thamani yake haijajulikana. Alimpa mbele ya wazee wawili, akampandia masale pande zote. Sale ni mmea wa majani marefu ambao kwetu unapandwa mpakani. Ukichomeka kijiti chake kinashika, ukikitupa jalalani kinashika vilevile. Na sale likishapandwa mbele ya watu, haling'olewi ila na mwenyewe. Anayeng'oa la mwenzake atachinja mbuzi wa kuomba radhi, na hata akishamchinja, watu wataendelea kumwangalia mikono kila anapopita shambani kwao.

Wazee wale wawili walikufa. Baba naye akafa. Kilichobaki kusema kwamba shamba lile ni la mama kilikuwa masale, na masale yalikuwa yamekwenda na maji.

Mdogo wake baba alilijua hilo kabla yetu. Huyu baba mdogo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye vidonda vya tumbo na maneno machache. Mama alipotoka edani alileta habari ya kumrithi, na mama akamjibu kwa adabu kwamba mume mmoja alimtosha. Tangu siku ile hakuwahi kusema shamba la shemeji. Alisema shamba la kaka.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu moja na robota langu moja la mitumba, niliyokuwa nikiuza siku za gulio Lushoto. Nilikuwa na hasira na kila mwanaume aliyevaa kofia. Hili nalisema mapema ili msomaji anipunguzie pale nitakapozidisha.

Sasa, kwa nini masale yaliyopotea yasiwe mwisho wa habari? Kwa sababu hayakupotea. Mafuriko yaling'oa masale ya mlima mzima, na kwa kuwa shamba la mama liko kwenye kona ya mto, pale maji yanapochoka, yakamwachia yeye yote. Wiki chache za jua zilitosha. Yalichipua kila mahali, mengine yamesimama, mengine yamelala, mengine miguu juu. Mama aliyekuwa akitafuta mpaka wake mmoja akajikuta na mipaka ya watu wote. Na hakuweza kung'oa hata moja, maana si yake.

Akatuma salamu mlimani: kila mtu aje achukue sale lake, nataka kulima.

Wakaja. Walikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, wamevaa kanzu na mabuti, wakaanza kutembea katikati ya majani yale wakiyatazama usoni. Mmoja alishika sale moja akasema hili ni lake, analitambua, babu yake alilipanda limeinama hivi hivi. Mwenzake akamwambia yote yameinama hivi hivi, yamesukumwa na maji mamoja. Mwingine alichuma jani akalinusa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo pia. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa kumpa kila mtu nafasi ya kusema mpaka achoke.

Ndipo jirani mwenye redio alipopata wazo. Alikuwa amesimama karibu na mlango wake wa choo, ameuegemea kama mtu aliye kwake. Alisema, polepole, kwamba sale ndilo mpaka, na kilichomo ndani ya mpaka ndilo shamba. Sale limehama, limeshika, linaota. Na udongo huu mwekundu tunaoukanyaga si wa bondeni, wa bondeni ni mweusi. Huu ni wa mlimani, ni wa kwake, anaujua. Kwa hiyo shamba lake halikupotea. Limeshuka. Liko hapa, na mlango wa choo ni shahidi.

Nakumbuka walivyotazamana. Yalikuwa macho ya watu wanaogundua kwamba upumbavu una faida.

Baada ya hapo kila mtu shamba lake likawa limeshuka. Mmoja alipanda mbio mpaka juu akarudi na konzi ya udongo kutoka kwake, akaulinganisha na ule wa shambani kama fundi cherehani anavyolinganisha uzi na kitambaa. Mwingine alionyesha mti wa plamsi uliokuwa umeteremka na mizizi yake ukasimama pembeni mwa shamba la mama, una matunda, akatuomba tuuambie mti huo kwamba hapa si kwao. Mzee mmoja alisema lake limeshuka lakini liko chini ya la jirani mwenye redio, kwa hiyo yeye atangoja. Mwenyekiti aliwasikiliza wote, akiitikia kila mmoja kwa kichwa.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe. Walipomaliza aliomba kusema.

“Kama mashamba yenu yamenitembelea, karibuni,” alisema. “Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya yamekaa mwezi, na sijaona hata moja likishika mpini.”

Watu walicheka, hata jirani mwenye redio. Nilidhani yamekwisha. Ndipo baba mdogo, ambaye hakuwa amecheka, akasogea mbele. Yeye hakutaka habari za udongo mwekundu. Alisema udongo mwekundu utakwenda kama ulivyokuja. Chini yake uko mweusi, na mweusi ni wa ukoo. Kaka alimwazima mkewe mahali pa kulima, akamwonyesha mpaka. Leo kaka hayupo, mpaka haupo. Shemeji asihangaike, kuna kipande juu mgongoni mwa mlima atapewa.

Mgongoni mwa mlima kulikuwa na mawe. Ndiko kulikokuwa kukilimwa na mbuzi. Mama alishika pindo la khanga yake akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, na mimi nilielewa kwamba kati ya wendawazimu wote wa siku ile, ni huyu mmoja tu aliyeweza kutunyang'anya shamba. Bila bonde lile mama angekuwa wa kuombaomba kwa shemeji yake mpaka afe, na mimi pia. Nilitaka kumtukana baba mdogo. Nilimwamkia shikamoo kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, akaitikia marahaba.

Mwenyekiti akaona jua linazama bila uamuzi. Akasema tope limekuja kwa wote, basi tulitoe wote. Bonde zima lilimwe kwa ngemo, shamba moja baada ya jingine, na mambo ya nani ni nani yatajulikana hukohuko. Ngemo ni kazi ya pamoja ya kwetu. Watu wanakuja na majembe yao shambani kwako, wanalima mpaka adhuhuri, na wewe mwenye shamba unawapikia. Kesho unakwenda kwa mwingine. Kuna jambo moja tu ndani yake: ukila chakula cha ngemo umekiri kwamba ulikuwa kwenye shamba la mtu. Huwezi kula makande yake leo, kesho ukasema shamba ni lako. Watu wataukumbuka mdomo wako.

“Shamba hili nalo lina siku yake,” alisema mwenyekiti. “Siku hiyo tutakula kwa mwenye shamba.”

Alishangiliwa sana. Hakuwa ameamua chochote.

Sitasema ngemo ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa raha, na mpaka leo nikisikia watu wakisema zamani kulikuwa na umoja, nakumbuka wiki zile, siyo zamani zote. Tulitoa mawe, tukafungua mifereji, tukapandisha matuta. Tulifukua vitu vya watu na kuvirudisha: sufuria, kiatu cha shule, mafiga mawili ya yule mama aliyepoteza jiko, na la tatu tukalipata siku nyingine tukampelekea kwa nderemo kama tunampeleka biharusi. Kila aliyekuwa na kidogo alipika kidogo. Jirani mwenye redio alikuja na redio yake, akaitundika mtini, tukalima huku tukisikiliza bei za mazao kutoka miji tusiyoijua. Niliwapenda watu wale. Jioni nikirudi nyumbani nilikumbuka shamba letu, nikawachukia tena.

Zamu yetu ilipokaribia, mama hakuwa na cha kupika. Ghala letu liliingia maji, mahindi yakaota humo humo ndani ya magunia. Tulikuwa tunakula maboga, na kile tulichopewa kwenye ngemo za wenzetu. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika, hakuna gulio, hakuna wa kununua mitumba yangu. Nilimwambia mama tukope maharage. Akaniuliza tukope kwa nani, wakati kila mwenye maharage anasema shamba lake limeshuka kwetu.

Mkono mtupu haulambwi, na ngemo bila chakula si ngemo. Asiyepika si mwenye shamba. Nilimwona baba mdogo akipita barabarani jioni ile, anatembea kama mtu aliyekwisha pata jibu. Muda mfupi baadaye tukasikia kwamba mkewe ameloweka mahindi ya makande. Mumewe amesema shamba ni la ukoo na ukoo ndio utakaopika. Habari hiyo ilipofika kwa jirani mwenye redio, naye akamwambia mkewe aloweke. Mwenye plamsi akasikia. Yule mzee ambaye shamba lake lilikuwa chini ya la mwingine akasikia, naye akaona kusubiri kumetosha.

Nilimwambia mama, kesho tusiende. Tukae ndani, tuumwe.

“Chukua jembe uliangalie kama mpini umekaza,” aliniambia, akalala.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Tulifika wa kwanza, mama na mimi na majembe mawili. Kisha tukaanza kuwasikia wakiteremka, kwanza miguu kwenye utelezi, kisha sauti za wanawake wakiambiana polepole, polepole. Wakatokea kwenye ukungu mmoja mmoja, kila mwanamke na sufuria kichwani, mumewe nyuma na jembe. Zilikuwa sufuria saba. Ya saba ilikuwa ya mwenyekiti. Alipoona namtazama alisema yake si ya kudai chochote, ni ya tahadhari tu, isije chakula kikapungua.

Watu wengine wa bonde hawakuja. Walikuwa na akili. Wengine walituma kusema wanaharisha, wengine walisema wamefiwa, na mmoja alisema ukweli, kwamba yeye hana ugomvi na mtu na hataki kuchagua sufuria. Kwa hiyo waliokuja walikuwa wenye sufuria peke yao. Kila mmoja alipanga mafiga upande wake wa shamba, mkewe akaketi pale akichochea moto, na yeye akaingia kulima.

Walilima. Sijaona watu wakilima vile. Kila mmoja alilima kama mtu aliye kwake, kwa juhudi ambayo mtu huwa haonyeshi kwenye ngemo ya mwenzake. Walizunguka masale kwa uangalifu, hawakugusa hata moja. Jirani mwenye redio alilima kuzunguka mlango wake mara mbili. Baba mdogo alifukua udongo mwekundu mpaka akaufikia mweusi, akasimama kuutazama, akaendelea. Mama na mimi tulilima kona yetu kule mtoni, na hakuna aliyetusemesha. Kazi ambayo ingetuchukua sisi wawili mpaka masika mengine ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Wakaosha miguu, wakasali bega kwa bega kwenye nyasi, wakapeana mikono. Kisha kila mtu akarudi kwenye sufuria yake.

“Karibuni chakula,” alisema baba mdogo.

“Ahsante, karibuni kwangu,” alisema jirani mwenye redio.

Mwenye plamsi naye akakaribisha, mzee naye akakaribisha, na wote wakashukuru sana, wakasema wameshiba. Wameshiba, na walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Hakuna aliyekuwa tayari kula kwa mwenzake. Kula kwa mwenzake ni kumwachia shamba. Nikafikiri, basi kila mtu atakula chake, yaishe. Lakini hapo ndipo walipokuwa wamejifunga wenyewe. Mwenye ngemo hali kabla ya wageni wake. Yeye huwapakulia, huwasubiri, anakula mwisho kile kilichobaki. Mtu anayetangulia kula ni mgeni, haijalishi sufuria ni ya nani. Na wenye shamba walikuwa saba, na mgeni hakuwepo.

Wakakaa. Sufuria saba za makande zilikuwa zinatoa mvuke kwenye ukungu, harufu ya kitunguu imejaa bonde zima, na wanaume wazima walikuwa wamekaa wamezitazama wakimeza mate. Mmoja alianza kusifia hali ya hewa. Redio ilikuwa inazungumza juu ya ushuru wa forodha na wote waliisikiliza kwa makini makubwa.

Ndipo wakakumbuka kwamba wapo wageni wawili. Mke wa baba mdogo alikuja pale alipokaa mama, akamwambia aonje tu, kijiko kimoja. Mama akasema ameshiba. Mke wa jirani mwenye redio akaja na sahani kabisa, iliyojaa, akaiweka karibu na goti langu. Sijawahi kuchukia chakula kama nilivyokichukia kile, maana nilikitaka mno. Mama alinitazama mara moja tu. Nikairudisha.

Wa kwanza kula alikuwa mbwa. Jirani mwenye redio alikuwa na mbwa wa kufukuzia ngedere shambani, na mbwa yule hakuwa na habari za ardhi. Aliizunguka sufuria ya baba mdogo, akaingiza kichwa, akala. Mke wa baba mdogo alimpiga kwa ukuni. Baba mdogo akamkataza.

“Mwache ale,” alisema. “Mwenyekiti, umeona? Nyumba ya jirani imekula kwangu.”

Jirani akajibu kwamba mbwa si msemaji wa nyumba. Baba mdogo akasema mbwa analinda shamba la jirani, ana wadhifa. Mwenyekiti aliombwa aamue kama mlo wa mbwa unahesabiwa, na alilifikiria jambo lile kwa muda mrefu, amefumba macho. Nadhani alikuwa anafikiria makande. Alipofumbua alisema ungehesabiwa kama mbwa angekaribishwa, lakini huyu alijikaribisha mwenyewe.

Ukungu ukageuka manyunyu. Moto ukaanza kuzimika. Baba mdogo akainuka kusema neno, akashika tumbo, akakaa tena bila kulisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kila mtu alijua habari za vidonda vyake. Hospitali ya Bumbuli walishamwambia asikae na njaa, na yeye alikuwa amekaa nayo tangu alfajiri, na jembe juu yake. Mkewe alichota makande, akamsogezea. Akayakataa. Mkewe akaanza kulia, akasema, “Kula, mume wangu, shamba gani hili.” Akatikisa kichwa. Angekufa pale, mbele ya sufuria ya mkewe, mwenye shamba.

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama tu.

Mama alisimama. Alimwendea yule mke, akamchukulia upawa mkononi, akaita yaletwe masinia ya msikitini ambayo mwenyekiti alikuwa amekuja nayo. Akachota sufuria ya baba mdogo akamwaga kwenye sinia. Akaenda ya jirani, akachota, akamwaga juu yake. Akaenda ya mwenye plamsi, ya mzee, zote, mpaka ile ya tahadhari. Mengine yalikuwa na nazi, mengine karanga, mengine maji na chumvi tu. Aliyachanganya kwa upawa mpaka hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuonyesha punje yake.

“Hiki sasa si cha mtu,” alisema. “Hakuna anayekula kwa mwenzake. Kuleni.”

Walitazamana. Niliwaona wakilitafuta kosa katika maneno yale na kutoliona. Kilikuwa si cha mtu, kweli. Mama alichota sahani ya kwanza akampa baba mdogo mkononi, akamsimamia mpaka alipomeza tonge la tatu na rangi ikaanza kumrudia. Kisha akawapakulia wengine. Walikula kama watu waliotoka kifungoni. Walikula wakicheka, wakisifia nazi ya huyu na karanga za yule. Wanawake wakala, mimi nikala, mbwa naye akapewa chake na safari hii hakuna aliyeuliza maana yake. Mama alikuwa anazunguka na upawa, anaongeza hapa, anaongeza pale, anamuuliza mzee kama yamemlainikia. Sinia lilipokwisha, alirudi kwenye sufuria, akakwangua.

Alikaa juu ya jiwe lake na ule ukoko kwenye kifuniko, akaanza kula.

Wote walikuwa wameshamaliza. Baba mdogo alikuwa ameketi mbele yake, sahani tupu miguuni, anamtazama anavyotafuna. Nikamwona anaacha kutabasamu. Akatazama sahani yake, akatazama za wenzake, akatazama tena lile jiwe na mwanamke aliyekuwa akila peke yake, wa mwisho. Hakuwa mjinga. Wengine waliifahamu maana yake baadaye wakiwa njiani, mmoja mmoja, na nimeambiwa mwenye plamsi alikaa chini kwa kicheko. Baba mdogo aliielewa pale pale. Angeweza kupinga. Angeweza kusema si mama aliyepika, hakutoa hata chumvi. Lakini alikuwa ameshiba, na aliyemshibisha ni yule yule ambaye yeye alitaka kumwondoa.

Aliinuka, akajifuta mikono.

“Ahsante kwa chakula, shemeji,” alisema.

“Ahsante kwa kazi,” mama alimjibu.

Basi. Hayo ndiyo maneno anayoambiana mgeni na mwenye ngemo, na hayana jibu jingine. Mwenyekiti alikohoa. Jirani mwenye redio aliutazama mlango wake kwa huzuni, akaubeba begani, akaenda nao. Siku zilizofuata waliyang'oa masale, kila mtu akichukua yanayomtosha bila kuulizana yalikuwa ya nani, wakayapanda upya mlimani kwa kukumbuka na kwa kukisia. Nasikia kila mmoja alijikisia vizuri. Mwaka ule tuliuza kabichi, na lori lilipokwama kwenye kona ya mtoni, waliolisukuma ni hao hao.

Lakini jioni ile ya ngemo, tukiwa jikoni, nilikuwa bado na furaha ya ushindi. Nilimsifu mama mpaka nikachoka. Nilimwambia hata mwanasheria wa mjini asingeweza. Nikamuuliza aliipanga lini hila ile, usiku, au alipoziona sufuria zikiteremka, au alipomwona baba mdogo ameshika tumbo.

Mama alikuwa anapakua maboga. Alinipa sahani yangu, nikaanza kula huku nikingoja jibu. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali.

“Hila gani?” alisema. “Mtu alikuwa anakufa njaa, nikapakua.”

“Na kula wa mwisho?”

Alifikiri kidogo. Nilimwona anarudi nyuma, kwa baba, kwa mama mkwe wake, kwa sisi wanawe sote aliotulea.

“Mimi lini nimewahi kula wa kwanza?” aliniuliza.

Sahani yangu ilikuwa imekwisha. Yake alikuwa bado hajapakua.